Mtoto wa Chumba cha Kwanza

Kavata alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na Maureen ndiye aliyemweka mwisho. Kwa siku nne watoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu walikuwa wamepita mbele ya meza yake mmoja mmoja, wakasoma silabi, kisha maneno, kisha hadithi ya mistari sita, huku simu yake ikihesabu dakika. Watoto mia moja na ishirini na sita. Alikuwa amebaki mmoja tu, na huyo alikuwa mtoto anayelala nyumbani kwake, anayekula chakula alichopika yeye, na ambaye tangu Krismasi alikuwa ameanza kumwita mama bila kulazimishwa na mtu.

Mpango wote ulikuwa wa Maureen. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja katika shule ile ndogo ya Mountain View, na kila mwaka alipokea katika Gredi ya Pili watoto wanaonakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri bila kujua wanachonakili. Mwalimu mmoja, watoto arobaini: kumi wanasoma, kumi wanabahatisha, na waliobaki wanafungua midomo tu wenzao wanapoitikia. Basi mwezi wa Disemba alimwendea mwalimu mkuu, Bwana Kihara, na karatasi tatu alizoandika mwenyewe. Kila asubuhi saa mbili na dakika ishirini kengele ilie, watoto wa madarasa yote matatu wahame. Asiyejua silabi aende Chumba cha Kwanza, haidhuru ana miaka mingapi. Anayesoma maneno na sentensi, Chumba cha Pili. Anayesoma hadithi, Chumba cha Tatu. Ijumaa iwe siku ya imla, maneno kumi, na anayepata manane wiki mbili mfululizo apande. Kihara alizisoma karatasi zile, akakuna kidevu, akasema, "Jaribu. Lakini mzazi yeyote asinipigie simu."

"Keti hapa," Maureen alimwambia Kavata. Madarasa yalikuwa yametulia, wengine wote wakiwa uwanjani. "Usiogope. Ni mimi tu."

Kavata aliketi. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mrefu kuliko wenzake wa Gredi ya Tatu, mwenye shingo nyembamba na tabia ya kujipangusa mikono kwenye sketi hata ikiwa safi. Aliiangalia picha iliyokuwa juu ya hadithi, mbuzi aliyefungwa kwenye mti, akaanza kwa sauti nzuri, iliyopanda na kushuka panapofaa:

"Mbuzi alikuwa anakula nyasi. Mbuzi alishiba sana. Mwenye mbuzi akafurahi."

Maureen aliitazama karatasi. Iliandikwa: *Fahim amepoteza kamba. Anaitafuta chini ya mti.*

Alidhani labda mtoto amebabaika. Akafunika hadithi kwa mkono, akamwonyesha neno moja kwenye kadi. Meza.

"Hii herufi ni gani?"

"Em."

"Na hii?"

"I. Hapana, e."

"Ukiziweka pamoja?"

Kavata alipangusa mikono kwenye sketi. Alitazama dirishani, akatazama kadi, akatazama uso wa Maureen kama anayetafuta jibu limeandikwa huko. "Mama," alisema mwishowe, na Maureen hakujua kama amesoma vibaya au amemwita.

Kulikuwa kumepita miezi tisa tangu mumewe Mutiso alipokwenda kumchukua binti yake kwa nyanya yake huko Mwingi, na katika miezi hiyo tisa Maureen, mwalimu wa kusoma, hakuwahi kukaa naye na kitabu. Mpaka Disemba Kavata alisoma shule nyingine, na Mutiso ndiye aliyesimamia kazi za nyumbani. Kila Jumapili, watu wa ushirika wa kanisa walipokuja kunywa chai, Mutiso alimwita Kavata sebuleni asome mstari wa Biblia, na Kavata alisoma bila kukwama, na wageni walipiga makofi. Sasa Maureen alikumbuka kwamba asubuhi ya kila Jumapili Mutiso humsomea mtoto mstari ule mara mbili au tatu, "ili asikie mkazo."

"Kavata, umekuwa ukishika kwa kichwa?"

Machozi hayakumtoka. Aliuliza tu, polepole, "Utaambia baba?"

"Ungependa nisimwambie?"

"Usimwambie. Tafadhali, mama. Yeye anasema mimi nitakuwa mwanasheria."

Maureen alimwahidi. Wakati ule aliona ni huruma. Baadaye, alipokuwa na muda mwingi wa kulifikiria jambo hili, alikubali kwamba hata yeye alifarijika kidogo, kwa sababu kama Mutiso angejua, swali la kwanza lingekuwa: na wewe mwalimu, ulikuwa wapi?

Kwenye orodha, mbele ya jina la Kavata, aliandika moja.

* * *

Walimu wa madarasa ya chini walikuwa watatu. Saleha, wa Gredi ya Kwanza, mama wa makamo mzaliwa wa Mombasa ambaye mumewe Munir alikuwa na duka la vitambaa Biashara Street, ndiye angeshika Chumba cha Kwanza. Maureen alichukua cha Pili. Maina, kijana mwenye kelele na moyo mzuri, alipewa cha Tatu. Walikutana ofisini baada ya chakula cha mchana kugawana majina, Kihara akiwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai.

Maina alipitisha kidole kwenye orodha. "Aii, ticha. Huyu Kavata si ni wako? Gredi Tatu na umemtupa kwa wale wadogo wa Mwalimu Saleha?" Akacheka. "Kumbe hata kwa daktari watu hugonjeka."

Kihara naye akatabasamu juu ya kikombe chake. Halikuwa jambo kubwa. Maina hutania kila mtu, na mtu mwingine angemjibu kwa mzaha yakaisha. Lakini Maureen alihisi uso umepata joto. Huu ulikuwa mpango wake, na siku ya kwanza kabisa mtoto wa nyumbani kwake ndiye mfano wa kila kitu alichosimama mbele ya mwalimu mkuu kukilalamikia.

"Yule si wangu hasa," alisema. "Ni wa mzee. Alikuja hivyo kutoka ocha, huko kijijini kwao."

Saleha aliinua macho kutoka kwenye madaftari yake, akayapeleka mlangoni. Maureen aligeuka. Kavata alikuwa amesimama kwenye ngazi na boksi la chaki mikononi, alilotumwa kurudisha.

"Weka hapo, Kavata," Maureen alisema. "Asante. Rudi darasani."

Mtoto aliweka boksi, akaenda. Uso wake haukuonyesha kitu. Maureen alijiambia kwamba hakusikia, kwamba kelele za uwanjani zilikuwa nyingi, kwamba hata kama alisikia hakuelewa, na aliendelea kugawa majina.

Watu wengine walipotoka, Saleha alibaki akifunga mkoba wake taratibu.

"Bi Maureen, mtoto huyu mimi nitampokea kwa mikono miwili," alisema. "Lakini kabla hajaja kwangu, mkalishe umweleze. Ana miaka tisa. Wenziwe watakuwa na sita. Mwambie aja kufanya nini, na atakaa kwa muda gani. Na babake ajue."

"Nitaongea naye, Mwalimu Saleha."

"Leo?"

"Wikendi hii."

Wikendi ile kulikuwa na harusi ya jamaa wa Mutiso, nguo za kufua, na kadi za silabi za kukata kwa vyumba vitatu. Jumatatu kengele ililia.

* * *

Mpango ulishika tangu wiki ya kwanza. Kila asubuhi watoto walitoka madarasani na kadi shingoni, za manjano, za buluu na za kijani, wakavuka uwanja kila mtu kwake. Chumba cha Kwanza waliimba silabi na kuzipigia makofi. Kwa Maureen walipanga maneno yaliyokatwa vipande juu ya madawati, wakabishana. Mtoto wa Gredi ya Kwanza aliyekuwa akijua kusoma tangu nyumbani alikwenda kukaa na wakubwa kwa Maina, miguu yake ikining'inia, na kila mtu alimwonea fahari. Hakuna aliyemwonea fahari Kavata aliyekwenda upande wa pili, kadi ya manjano shingoni, akiwapita kwa kichwa na mabega watoto waliomtangulia na kumfuata kwenye mstari.

Wiki ya pili Maureen alimsikia msichana mmoja wa Gredi ya Tatu akimwambia, "Sasa, PP2 wa chekechea? Umebeba uji?" Aliwakemea waliocheka. Hakumwita Kavata kando. Aliona akimwita atazidi kumwonyesha kwa watu.

Nyumbani Kavata alikuwa mtulivu. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Mutiso alifurahi, akasema msichana anakomaa. Maureen aligundua tu kwamba neno mama lilikuwa limepungua. Mtoto alikuwa anaanza kuongea bila kumwita kitu chochote: "Chumvi imeisha." "Kuna mtu kwa mlango."

"Anaendeleaje?" alimwuliza Saleha mwishoni mwa Januari.

"Ana akili, huyo. Aandika kama asemavyo kwao, rafiki aandika lafiki, karatasi aandika kalatasi. Hilo ni dogo, sikio litazoea. Herufi azijua, kuzifunga pamoja ndiko kulikompita. Mwezi mmoja, miwili, atakuwa kwako." Saleha alimtazama. "Uliongea naye?"

"Kidogo," Maureen alisema. Hakuwa ameongea naye hata kidogo.

Mwezi wa Februari kazi ilizidi. Watoto walipanda vyumba kila baada ya wiki mbili, orodha zilibadilika, majina yalifutwa na kuandikwa upya, na Maureen alikuwa akizipanga orodha hizo mezani nyumbani huku Mutiso akitazama habari. Mara moja tu aliona jina la Kavata halipo kwenye karatasi ya imla ya Chumba cha Kwanza. Alidhani Saleha ameliruka. Alikusudia kumwuliza, akasahau.

* * *

Ijumaa ya pili ya Machi Kihara aliwaalika wazazi waje wajionee. Viti vya plastiki vilipangwa nyuma ya kila chumba. Mutiso, ambaye ni karani katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo katikati ya jiji, aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la kijivu, na bila kumwambia Maureen akampigia dada yake Ndinda aje kutoka mtaa wa Jamhuri. Maureen aliwaona wakiingia getini. Asubuhi ile alikuwa amejaribu kumwambia Mutiso asijisumbue. Mutiso alikuwa amecheka: "Siku ya kusoma nikose? Mimi?"

Walikwenda moja kwa moja Chumba cha Tatu, kwa sababu mtoto wao ni wa Gredi ya Tatu. Wakakaa mbele kabisa. Maureen, akiwa na darasa lake na wazazi wake, aliwaona kupitia mlango ulio wazi ng'ambo ya uwanja. Alijua anapaswa kwenda pale. Mtoto mmoja alikuwa akisoma mbele ya mama yake aliyekuwa akilia kwa furaha, na Maureen alijiambia, huyu akimaliza.

Alipomaliza, Mutiso alikuwa tayari uwanjani na Maina akimwonyesha kwa mkono kule Chumba cha Kwanza. Uso wa Maina ulikuwa wa mtu ambaye angependa kuwa mahali pengine.

Maureen aliwafikia mlangoni kwa Saleha. Ndani, watoto thelathini wa miaka sita walikuwa wameketi kwenye viti vifupi. Mutiso alizungusha macho mara mbili.

"Namtafuta binti yangu. Nimeambiwa ati yuko hapa. Nafikiri kuna makosa."

Saleha alimtazama Maureen. "Kavata? Kavata hayuko kwangu, baba. Aliniambia Bi Maureen amempandisha Chumba cha Pili. Wiki ya tatu sasa."

"Sikumpandisha," Maureen alisema.

Nyuma ya Saleha mtoto mdogo aliendelea kuimba peke yake, ba, be, bi, mpaka mwenzake akamgusa bega.

Walimtafuta chooni. Walimtafuta nyuma ya tangi la maji. Ndinda ndiye aliyesukuma mlango wa jikoni, mahali Mama Jackie anapowapikia watoto githeri ya mahindi na maharagwe, na huko wakamkuta Kavata ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, sinia la maharagwe magotini, akichagua mawe. Kadi ya manjano alikuwa ameigeuza nyuma mbele ndani ya sweta.

"Mwalimu, mimi nilijua ametumwa," Mama Jackie alisema, akifuta mikono. "Huja kila siku saa ya kusoma. Hunisaidia vizuri tu. Nikadhani ni nyinyi."

Mutiso alichuchumaa mbele ya mtoto, koti lake likigusa sakafu yenye majimaji. "Kavata. Unafanya nini hapa? Watu wanasoma."

"Nachagua maharagwe."

"Kwa nini huendi darasani?"

"Huko ni kwa watoto wadogo."

"Sasa nani alikupeleka kwa watoto wadogo?"

Kavata hakumwangalia Maureen. Aliokota jiwe, akaliweka pembeni ya sinia pamoja na mengine. "Ticha. Kwa sababu mimi sijui kusoma. Na ticha alisema mimi si wake, mimi nilikuja hivi kutoka ocha."

Mutiso aliinuka taratibu. Maureen alingoja amkemee mbele ya dada yake, mbele ya mpishi, na pengine angeshukuru. Mutiso alivua kadi shingoni mwa mtoto, akaisoma pande zote mbili kana kwamba ilikuwa risiti, akaiweka juu ya gunia la mahindi, akamshika Kavata mkono, wakatoka. Ndinda aliwafuata. Wazazi waliokuwa uwanjani waliwapisha njia.

* * *

Jioni ile walikula bila redio. Kavata alipokwenda kuoga, Mutiso alisukuma sahani kando.

"Tangu lini ulijua?"

"Januari."

"Januari. Na mimi kila Jumapili nasimamisha mtoto hapa mbele ya watu asome, wewe umekaa hapo na kikombe, unajua."

"Aliniomba nisikuambie, Mutiso. Alilia." Kavata hakuwa amelia. Maureen alijisikia akisema uongo huo na hakuweza kuurudisha.

"Ana miaka tisa. Wewe una ngapi?"

Alitaka kumweleza kuhusu mpango. Kwamba Chumba cha Kwanza hakikuwa adhabu, kwamba kama angembakiza Gredi ya Tatu na wenzake angeendelea kudanganya mpaka akue, kwamba Saleha alisema mwezi mmoja au miwili. Yote yalikuwa kweli. Aliyapanga kichwani, akaona hakuna hata moja linalojibu alichoulizwa.

"Na hayo mengine," Mutiso alisema, "uliyasema?"

"Niliyasema. Maina alikuwa ananicheka, nikasema tu. Sikumaanisha."

"Mimi sijali Maina." Alikuwa akikunja kitambaa cha meza, pembe juu ya pembe. "Mama yake Kavata alipokufa, nilikaa miaka mitatu nikiogopa kuoa kwa sababu ya neno hilo hilo. Nikakupata wewe. Nikasema huyu ni mwalimu, anajua watoto." Sauti yake haikupanda. "Ndinda anasema kuna nafasi kwake. Kuna shule karibu na pale Jamhuri. Aende amalizie mwaka huko."

"Nipe nafasi niongee naye."

"Ongea naye. Si niko hapa? Ongea."

Maureen alikwenda chumbani. Kavata alikuwa ameketi kitandani na taulo begani, akipaka mafuta miguuni. Maureen aliketi kando yake. Alisema anajuta. Alisema maneno yale hayakuwa ya kweli, na kwamba mtu mzima pia huweza kuona aibu akasema upuzi. Kavata alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama watoto wanavyosikiliza wakati wa gwaride la shule.

"Sawa," alisema.

"Unataka kwenda kwa shangazi?"

"Ndiyo."

"Ungependa kubaki? Tutasoma sisi wawili tu. Hapa. Hakuna mtu atajua."

Mtoto alifikiria. Maureen aliona kwamba analifikiria kweli, na kwa dakika ile alikuwa na tumaini. "Hapana," Kavata alisema, "nataka kwenda," akafunga kifuniko cha mafuta.

* * *

Mwisho wa muhula wa kwanza walipima watoto tena. Walioanza Chumba cha Kwanza walikuwa sitini na mmoja. Sasa walibaki kumi na tisa. Kihara alizibandika tarakimu hizo ofisini, akanunua keki. Saleha alikata kipande, akaketi nacho karibu na Maureen, na hakusema nilikuambia. Alisema tu, "Kula, Bi Maureen," na Maureen akala.

Aprili, shule zikiwa zimefungwa, alikwenda Jamhuri. Mutiso alimwambia aende peke yake. Ndinda alimfungulia mlango kwa heshima ya kutosha, akamletea chai, akamwita Kavata kutoka nje. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo mashavuni.

"Anasoma siku hizi," Ndinda alisema. "Kule pia walimpeleka na wadogo. Lakini mwalimu wake alimweka chini kwanza, akaniita na mimi. Akamwambia, utakaa hapa wiki nne, na ukimaliza utanisaidia kufundisha hawa. Akahesabu wiki zake kwa kalenda mwenyewe." Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayeeleza dawa iliyomfaa mgonjwa. "Kavata, lete kitabu umsomee."

Kavata alileta kitabu, akasimama mbele ya Maureen, miguu pamoja. Alisoma ukurasa mzima. Kidole chake kilifuata maneno. Alikwama kwenye ng'ang'ania, akalivunja vipande, akalijenga upya, akapita. Kilikuwa kitabu ambacho Maureen hakuwahi kukiona, na hakukuwa na picha kwenye ukurasa ule. Katika miaka yote ya kufundisha hakuwa amesikia mtoto akisoma vizuri namna ile na yeye akashindwa hata kusema vizuri sana.

Kavata aliinua macho. "Niendelee, ticha, ama imetosha?"

"Imetosha," Maureen alisema. "Asante."

Mtoto alifunga kitabu, akarudi nje kwa wenzake.

* * *

Mwezi wa Agosti Kihara, aliyekuwa ameanza kuuita mpango ule mpango wetu, aliwakusanya walimu wa shule nyingine kadhaa katika ukumbi wa kanisa moja katikati ya jiji, karibu na bustani ya Jeevanjee. Walikuja walimu kama hamsini. Maureen alipewa saa nzima. Alieleza jinsi ya kupima watoto, jinsi ya kukata kadi, jinsi ya kuchagua maneno ya imla ili wiki hii ijengwe juu ya wiki iliyopita, jinsi ya kupanga vyumba ili watoto wasigongane uwanjani. Walimu waliandika kwa bidii. Maina aliinua kadi moja moja ili waone rangi. Saleha aliimba silabi, na ukumbi mzima ukapiga makofi pamoja naye.

Ulipofika wakati wa maswali, mwalimu mmoja kijana mwenye ushungi wa samawati alisimama. Alisema anaitwa Sahar, anafundisha shule moja huko Karen.

"Mimi nina watoto wawili Gredi Tatu ambao hawajui silabi kabisa," alisema. "Wakubwa. Sasa huyo mkubwa, siku ya kwanza unampeleka kwa wadogo, nyinyi mlimwambiaje?"

Kihara alifungua mdomo ajibu. Maureen akawahi kushika kipaza sauti.

"Hatukumwambia," alisema. "Sikumwambia mimi. Nilikuwa nimeambiwa na mwenzangu niongee naye, na nilikuwa na siku tatu nzima za kuongea naye, nikakata kadi. Na baba yake pia sikumwambia."

Sahar alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, hajui aandike nini.

"Lakini mtoto alikubali?" aliuliza.

"Alikwenda bila kulia," Maureen alisema. "Nikaona amekubali."

Kihara alikohoa, akatazama saa yake, akauliza kama kuna swali jingine. Mzee mmoja wa nyuma alitaka kujua kadi za rangi zinapatikana wapi. Maina akaanza kumweleza. Sahar alikuwa bado amesimama. Maureen aliweka kipaza sauti mezani, akashuka jukwaani, akapita kati ya viti mpaka alipokuwa yule mwalimu kijana, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake.

"Hao wako wawili," alimwambia kwa sauti ya chini, "niambie wanaitwa nani."